Umebadilisha mwenyewe loki ya mlango wa gari na sasa mlango umegoma: anzia hapa

Wakuu, habari za jioni kutoka Tabora. Magari mengi tunayotembelea huku yalishatumika Japani kabla hayajatufikia, na loki za milango ni katika vitu vya mwanzo kusumbua. Vumbi la kiangazi linapenya ndani ya mlango, linakaa juu ya grisi ya zamani, mwisho linakuwa uji mzito kama ugoro uliolowa. Mtu ananunua loki, anafungua paneli mwenyewe, anafunga loki mpya, anabamiza mlango. Matatizo yanaanzia hapo.

Mlango ukigoma baada ya kazi ya mikono yako, usikimbilie kulaumu loki uliyonunua. Mara nyingi kosa liko kwenye kitu ulichokichomoa ili uifikie: fito (vijichuma vyembamba vinavyounganisha hendeli na loki), waya wa kuvuta, soketi, klipu.

Hatua ya 1: mlango ukiwa wazi, funga loki kwa bisibisi

Hii ndiyo hatua ninayowaomba msiiruke. Miaka michache nyuma nilibamiza mlango wa nyuma kushoto wa gari ya nyumbani wakati fito ya hendeli ya nje haijakaa kwenye klipu yake. Nilisikia "tak" safi kabisa, nikafurahi. Nje haufunguki. Ndani nako loki ya watoto, ile inayozuia mlango wa nyuma kufunguliwa kwa ndani, ilikuwa imewekwa. Ilibidi ning'oe kiti na kubandua paneli mlango ukiwa umefungwa. Magharibi ilinikuta bado nimelala chali ndani ya gari, tochi mdomoni.

Fanya hivi. Ukingoni mwa mlango, mahali loki inapotokeza, kuna ulimi wa chuma wenye umbo la uma. Usukume kwa bisibisi kama vile mlango unajifunga. Utalia mara mbili: mlio wa kwanza ni nusu kufunga, wa pili ndiyo kufunga kamili. Sasa vuta hendeli ya nje. Ulimi uruke wazi. Usukume tena, vuta hendeli ya ndani. Usukume mara ya tatu, bonyeza kitufe cha kufunga, kisha vuta hendeli ya nje: safari hii ulimi usiachie. Fungua kitufe, vuta tena, ulimi uachie. Malizia kwa ufunguo na rimoti. Jaribio moja likigoma, usifunge mlango.

Na ukimaliza, vuta hendeli ulimi ubaki wazi. Ukiuacha umefungwa, mlango utagonga na kurudi, na ukilazimisha utapinda chuma.

Hatua ya 2: sikiliza kipi kimegoma

Hendeli ya nje haifanyi kazi, ya ndani inafanya: fito ya nje imechomoka, au klipu yake ya plastiki haijageuzwa ikabana. Klipu hizi zikizeeka huvunjika kwa kuguswa tu. Usifunge kwa uzi wala waya wa kuchomelea. Unalegea, na siku moja utakuacha njiani. Tafuta klipu nyingine.

Ya ndani haifanyi kazi, ya nje inafanya, na ni mlango wa nyuma: angalia loki ya watoto ukingoni mwa mlango. Mkono huigusa wakati wa kazi bila mtu kujua. Kama si hiyo, waya wa kuvuta haujakaa kwenye mfereji wake.

Hatua ya 3: umeme

Bonyeza swichi ya kufunga milango yote, sikio likiwa karibu na mlango. Ukisikia mota inanguruma lakini kitufe hakisogei, fito haijashikwa au gia ya plastiki ndani imelika. Kimya kabisa? Soketi kwanza: isukume mpaka ilie. Kisha fyuzi. Kisha waya zinazopita ndani ya raba kati ya mlango na bodi. Pale waya hukunjwa kila mlango unapofunguliwa, na hukatika kwa ndani huku plastiki yake ikionekana nzima.

Mota yenye waya mbili unaweza kuijaribu kwa betri ya volti 12: gusisha, isogee upande mmoja, geuza chanya na hasi, irudi. Gusisha kwa sekunde moja tu, ukishikilia unaiunguza. Soketi yenye pini nyingi usibahatishe, kwa sababu nyingine ni za swichi na si za mota.

Hatua ya 4: nailoni na matundu ya chini

Nailoni iliyobandikwa nyuma ya paneli irudishwe vizuri. Bila hiyo maji yanayopita pembeni ya kioo yanaishia kwenye zulia. Chini ya mlango kuna matundu ya kutolea maji, yazibue. Mimi huegesha chini ya mwembe, na kila mwaka kabla ya mvua za Novemba natoa humo vumbi na majani yaliyooza. Maji yakikaa mlangoni, hata loki mpya itaota kutu.

Maswali ya wanachama

*Dereva wa Noah, Nzega:* Fundi, mimi nimeshaubamiza. Haufunguki nje wala ndani. Nifanyeje?

Pole sana kaka. Kwanza hakikisha loki ya watoto siyo tatizo: shusha kioo, vuta hendeli ya nje. Ukigoma, mwenzako ausukume mlango kutoka nje kuelekea ndani kama anaufunga zaidi, wewe ukivuta hendeli huku ukifunga na kufungua kitufe mara kadhaa. Mara nyingine ulimi huachia. Usipoachia, toa paneli kutoka ndani taratibu, ingiza waya mgumu uliopindwa ncha, na uvute kile kijimkono cha loki ambacho fito ilipaswa kukivuta.

*Mama wa Isevya:* Shikamoo fundi. Taa ya ndani haizimi tangu mlango utengenezwe, na betri inaisha asubuhi.

Marahaba mama. Gari linadhani mlango uko wazi. Kama kwenye nguzo ya bodi, pale mlango unapofungia, kuna kitufe chenye raba, kibonyeze kwa kidole: taa ikizima, mlango haukifikii vizuri. Kama hakuna, swichi iko ndani ya loki yenyewe, na huenda soketi haijaingia. Kwa leo zima taa kwenye swichi yake ya juu, betri ipone.

*Mdau wa Urambo:* Nimelegeza ile pete ya chuma kwenye nguzo inayoshikwa na loki, sasa mlango unakaa juu kidogo.

Umefuta alama yake, kaka. Legeza bolti zake nusu tu, funga mlango taratibu ukiwa umeshika hendeli ya nje wazi, ulinganishe na mlango wa jirani, ndipo ukaze. Sogeza kidogo kidogo, milimita moja ni nyingi. Siku nyingine izungushie mstari wa kalamu kabla ya kugusa spana.

*Mdau wa Kaliua:* Ufunguo hauingii, kuna udongo mgumu ndani ya tundu.

Hao ni nyigu, wanajenga humo. Usipige kwa ufunguo, utakatikia ndani. Udongo wake hulainika kwa maji ya uvuguvugu kidogo. Uchokonoe kwa pini, pulizia upepo, halafu weka unga wa grafiti. Usiweke mafuta ya kula, wala grisi.