Namna ya kubandua plastiki kuukuu ya kinga bila kuondoka na rangi ya gari

Mtu anayenunua gari lililotumika kutoka Japani mara nyingi hulikuta na vipande vya plastiki angavu ambavyo hakuviona siku ya kulikagua: kimoja kwenye ukingo wa bodi mbele ya tairi la nyuma, mahali panapopigwa na kokoto zinazorushwa na tairi la mbele, vingine ndani ya vikombe vya vitasa, ambako kucha na pete hukwaruza, na pengine utepe mrefu kwenye ncha ya boneti. Ilipokuwa mpya plastiki hiyo haikuonekana kabisa. Baada ya miaka kadhaa ya jua la Dar es Salaam au la Mombasa hugeuka njano, ikapasukapasuka kama tope la bwawa lililokauka, na vumbi likajaa kwenye nyufa kiasi kwamba gari lote huonekana limechoka hata kama rangi yake bado ni nzima.

Plastiki hizi ni za aina mbili kuu, na inafaa kujua unashughulika na ipi. Ile ya bei kubwa hutengenezwa kwa poliyurethani, huwa na unene wa takriban milimita 0.15 hadi 0.2, na huendelea kuvutika kama mpira kwa miaka mingi. Ile ya bei nafuu, pamoja na stika nyingi za matangazo na za urembo, ni ya PVC. Hii huwa nyembamba zaidi, na ulaini wake hutokana na kemikali iliyochanganywa ndani yake ambayo hupotea polepole kwa joto na jua. Kemikali hiyo ikiisha, plastiki hukauka na kuwa dhaifu kuliko gundi iliyo chini yake, na hapo ndipo unapovuta ukabaki na kipande kinachotosha ukucha mmoja. Kuijaribu ni rahisi: inua kona kwa ukucha, uvute kidogo. Ikivutika, kazi yako ni ya saa moja au mbili. Ikikatika kama ganda la yai, tenga siku nzima.

Hata hivyo swali la kwanza si plastiki ni ya aina gani, wala ni dawa gani inunuliwe. Swali ni kama rangi iliyo chini ni ya kiwandani au ya gereji. Rangi ya kiwandani huokwa kwenye tanuri kwa joto la karibu nyuzi 140 za selsiasi kabla gari halijafungwa viti wala nyaya, na hushika bati kwa nguvu kubwa. Rangi inayopigwa baadaye haiwezi kuokwa hivyo kwa sababu gari tayari lina plastiki na mipira yake. Hukaushwa kwa joto la nyuzi 60 hivi ikiwa fundi ana chumba maalumu, na kwa jua na upepo ikiwa hana. Namna itakavyoshika hutegemea msasa na praima (rangi ya msingi) iliyotangulia, na fundi aliyeharakisha hatua hizo mbili huacha rangi inayong'aa lakini isiyoshika. Mimi mwenyewe niliwahi kubandua utepe kwenye bampa nikaondoka na rangi yenye ukubwa wa kiganja, na nilipoutazama ule upande wa chini nikaona plastiki ya bampa haikuwa imeguswa na msasa hata kidogo.

Kwa hiyo kagua kabla ya kugusa. Tazama mipira ya milango na ya vioo kama ina vumbi la rangi. Tazama vichwa vya boliti za boneti kama vimepakwa. Simama mbali kidogo juani ulinganishe rangi ya mlango na ya sehemu iliyo jirani yake. Sumaku ndogo iliyofungwa kwenye kitambaa ikishika vizuri huku na ikateleza kule, kuna puti, yaani lipu ya kuziba mabonyeo, ingawa jaribio hili halifai kwenye bampa wala kwenye boneti ya alumini. Ukigundua kwamba sehemu fulani imepigwa rangi upya, unaweza kuendelea kwa joto la chini na kwa mwendo wa taratibu sana, lakini uwe umekubali moyoni kwamba huenda sehemu hiyo ikarudi kwa fundi rangi.

Baada ya hapo osha gari kwa maji na sabuni, hasa pembezoni mwa plastiki, kwa sababu mchanga uliojificha pale ndio utakaochora rangi utakapoanza kusugua. Fanya kazi kivulini. Gari jeusi lililoachwa juani saa saba mchana huwa na bati la moto usiovumilika kwa mkono, na gundi katika joto hilo hulainika kupita kiasi, ikaachana na plastiki na kubaki yote kwenye rangi. Wakati unaofaa ni asubuhi, baada ya jua kulipasha bati joto kidogo, kisha gari likaingizwa chini ya mti au kwenye baraza.

Joto la kubandulia ni lile la nyuzi 50 hadi 60. Huhitaji kipimo: weka kiganja juu ya plastiki, na ikiwa kinaweza kukaa sekunde chache tu kabla hujatamani kukiondoa, umefika. Drayeri ya saluni inatosha, japokuwa ni ya polepole, na upole huo ndio ubora wake. Mashine ya kupulizia hewa ya moto wanayotumia mafundi hufanya haraka zaidi, lakini inaweza kuchoma rangi na kuiyeyusha bampa kwa muda mfupi mno, kwa hiyo iwekwe umbali wa shubiri moja au zaidi na isisimame mahali pamoja hata kidogo. Pasipo na umeme, tandaza taulo juu ya plastiki na umwagie maji ya moto yaliyotulia dakika chache baada ya kuchemka. Taulo hushikilia joto muda wa kutosha kuanza kona moja. Maji hayo yasifike kwenye kioo cha mbele, kwa maana kioo kilichopoa kinaweza kupasuka kikipashwa ghafla.

Anzia kwenye kona. Ikigoma kuinuka kwa ukucha, tumia kadi ya plastiki iliyokwisha muda wake, kamwe si wembe wala bisibisi. Kona ikishainuka, ikunje irudi juu ya mgongo wake na uivute sambamba na bati, karibu kabisa na uso wa gari, badala ya kuivuta wima kuelekea kifuani kwako. Tofauti hii ndiyo inayookoa rangi: ukivuta wima, nguvu yote huelekea kuinua rangi kutoka kwenye bati, ukivuta sambamba, nguvu hupita juu ya rangi na gundi huachia mstari kwa mstari. Nenda polepole, sentimita chache kwa wakati, huku mkono wa pili au msaidizi akipasha joto sehemu inayofuata. Ukisikia plastiki inakakamaa, imepoa. Simama upashe tena. Ukiona gundi inavutika kama utando wa bamia, umezidisha joto. Acha ipoe kidogo. Na ukiona hata chembe ya rangi upande wa chini wa plastiki, acha kabisa pale pale, uanzie kona nyingine, kwani huenda udhaifu ni wa sehemu moja tu.

Plastiki iliyokwisha kukauka haina njia ya mkato. Hubanduliwa kipande kwa kipande kwa joto na kadi, na anayekuuzia dawa ya kuiyeyusha yote kwa dakika tano anauza pia kazi ya kupiga rangi upya.

Gundi itakayobaki ni jambo jepesi zaidi kuliko inavyoonekana. Ondoa kwanza ile inayokubali kufingirishwa kwa kidole gumba ikiwa bado ina uvuguvugu. Iliyobaki ilainishe kwa spiriti, au kwa mafuta ya taa yaliyowekwa kwenye kitambaa laini, ukiwa umejaribu kwanza mahali pasipoonekana, kama vile ndani ya fremu ya mlango. Lalisha kitambaa juu ya gundi kwa dakika kadhaa badala ya kusugua kwa nguvu, kisha futa kuelekea upande mmoja na ugeuze kitambaa mara kwa mara. Mafuta ya kupikia pia hulainisha gundi, ila yanahitaji subira ndefu zaidi. Kabla hujafungua chupa yoyote ya spiriti au mafuta ya taa, zima kifaa cha joto na ukichomoe kwenye umeme, kwa sababu mvuke wa vimiminika hivyo hushika moto. Ukimaliza, osha kwa sabuni ili mafuta yasibaki.

Petroli na thina ndizo zinazotajwa kwanza na vijana wa kuosha magari, na ni kweli huondoa gundi upesi. Lakini thina hulainisha rangi ya gereji, na petroli, mbali na hatari yake ya moto, huondoa nta yote na inaweza kufifisha plastiki zisizopakwa rangi. Kwenye taa za mbele zisiguse kabisa: taa za siku hizi ni za polikaboneti, ambayo hupata nyufa ndogondogo ikikutana na vimiminika hivyo.

Huenda ukavunjika moyo utakapoona kivuli cha plastiki kimebaki, yaani sehemu iliyokuwa imefunikwa ina rangi iliyokolea kuliko iliyoizunguka. Hiyo si gundi. Sehemu ya nje ndiyo iliyofifia juani, na rangi nyekundu hufifia kwa urahisi kuliko nyingi. Polishi ya kukwangua kidogo, ikipakwa kwenye sehemu iliyofifia na si kwenye ile iliyokolea, hupunguza tofauti hiyo. Lakini ikiwa klia, yaani tabaka angavu la juu ya rangi, imeanza kuchubuka kwa mabaka meupe, polishi haitasaidia. Maliza kwa kupaka nta bodi yote.

Ukikusudia kubandika plastiki mpya, nta hiyo iruke sehemu husika, maana gundi haishiki juu yake. Na kama fundi amelazimika kupiga rangi upya, subiri mwezi mmoja hivi kabla ya kubandika, ili vimiminika vilivyomo kwenye rangi vimalize kutoka.