Namna ya Kuanza Pacha wa Kidijitali wa Mji kwa Data za Mitaro

Pacha wa kidijitali ni nakala ya mji ndani ya kompyuta, inayobadilika kadiri data mpya zinavyoingia, ili mpangamiji ajaribu uamuzi humo kabla ya kuugharimia mtaani. Usianze na picha za kuvutia za majengo. Anza na swali moja ambalo halmashauri inapaswa kulijibu. Dar es Salaam swali hilo mara nyingi ni maji ya mvua yatapita wapi, na ndiyo maana mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015, uliwashirikisha wanafunzi wa vyuo na wakazi kuchora kata zinazofurika, kazi yao ikawekwa kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya dunia iliyo mtandaoni, ambako yeyote anaweza kuichukua.

Tembea mtaro wote pamoja na mkazi wa hapo. Kila mtaro unapobadilika, andika upana, kina, kama ni wa zege au udongo, na tarehe ya kipimo, kwa sababu kalavati lililokuwa wazi Septemba huweza kujaa mchanga na taka kabla ya masika. Mwombe mwenye nyumba akuonyeshe alama ya maji ukutani, uipime kutoka chini. Alama hiyo ina thamani kubwa kuliko watu wanavyodhani: modeli, yaani hesabu ya kompyuta inayoonyesha maji yatapita wapi, isiyoweza kurudia mafuriko yaliyokwisha kutokea haiwezi kuaminiwa kutabiri yajayo.

Kabla ya kuunganisha data za idara mbalimbali, kagua mfumo wa majiranukta, yaani namba zinazotaja mahali kitu kilipo. Ramani nyingi za zamani za Tanzania zimechorwa kwa mfumo wa zamani uitwao Arc 1960, ilhali simu hutumia WGS 84, mfumo wa GPS, na tofauti yake hapa kwetu hufika karibu mita 300. Ukizipandanisha bila kuzigeuza, mtaro utaonekana unapita mtaa wa pili.

Andikianeni makubaliano yanayotaja nani anahuisha data zipi, lini, na kwa leseni gani. Mitaro, barabara na mwinuko wa ardhi vitolewe kwa umma; majina na namba za simu za wakazi zisitolewe, kwa kuzingatia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kisha chapisha ramani kwenye karatasi kubwa, uibandike ofisi ya serikali ya mtaa pamoja na kalamu, ili waliokuonyesha mtaro wasahihishe ulipokosea.