Somo: Kupima fenilalanini ya plazima kwa mwanga wa leza

Mtoto mwenye fenilketonuria huzaliwa akionekana mzima. Kimeng'enya cha ini kinachogeuza fenilalanini kuwa tairosini kina hitilafu, basi asidi amino hiyo inarundikana na kuharibu ubongo. Kawaida damu huwa na maikromoli 50 hadi 110 kwa lita. Ugonjwa ukiwa mkali, zinapita 1200. Tofauti hiyo kubwa ndiyo inayonifanya nianzie hapa ninapofundisha mbinu ya Raman, yaani kumulika sampuli kwa leza na kusoma mwanga unaotawanyika ukiwa umebadilika rangi kidogo; kila molekuli huonyesha vilele vyake.

1. Ondoa protini. Usiruke hatua hii. Pete ya fenilalanini hutoa kilele karibu na 1003 cm⁻¹ (kipimo cha badiliko hilo la mwanga; vilele vyote hapa ni kwa kipimo hiki), lakini albumini, protini kuu ya plazima, nayo imejaa fenilalanini kwenye mnyororo wake, na kilele chake kinakaa palepale. Ukiweka plazima ghafi, utakuwa unapima albumini. Tumia chujio la kilodaltoni 3 (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli) kwenye sentrifyuji: albumini, yenye kilodaltoni 66, inabaki juu, fenilalanini, yenye daltoni 165 tu, inapita.

2. Tengeneza chembe za fedha. Mwanga wa Raman ni hafifu mno, na fedha huukuza. Chemsha miligramu 90 za nitreti ya fedha katika mililita 500 za maji safi kabisa, dondoshea mililita 10 za sitreti ya sodiamu ya asilimia 1, endelea kuchemsha saa moja. Itakuwa manjano inayoelekea kijani.

3. Sawazisha mashine kwa kipande cha silikoni: kilele kiwe 520.5.

4. Pima. Changanya kichujwa na fedha, soma. Kisha ongeza fenilalanini ya kiasi unachokijua, mara tatu au nne, ukisoma kila mara. Chora mstari wa urefu wa kilele dhidi ya kiasi ulichoongeza, urudishe nyuma hadi urefu wa kilele uwe sifuri; umbali wa hapo kutoka sifuri ya kiasi ulichoongeza ndio kiasi kilichokuwemo mwanzoni.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, leza ya kijani haifai? Ndiyo tuliyo nayo.*
Inafanya kazi, ila vitu vingi vya damu hung'aa vikipigwa na kijani, na mng'ao huo humeza vilele. Nanomita 785 ni salama zaidi.

*Tairosini haitatuchanganya?*
Hapana, ndugu. Vilele vyake ni pacha, 830 na 850. Visome pia, maana kwa mgonjwa tairosini huwa chini.

*Naomba kuuliza, majibu haya naweza kumpa mzazi?*
Usimpe, dada. Tone la damu ya kisigino kwenye karatasi, likipimwa kwa spektrometa ya masi (mashine inayotambua molekuli kwa uzito wake), ndilo linalotumika hospitalini. Yako ni ya utafiti.