SOMO: Kutengeneza maungio ya risasi kwenye bodi ya gari la Ford Mustang la 1965

Wakuu, ule mstari wa ufa unaojitokeza pale paa linapokutana na ubavu wa nyuma si kosa la mpaka rangi. Kiwandani mabati hayo mawili yalichomelewa nukta kwa nukta, kisha bonde lililobaki likajazwa risasi (lead) iliyochanganywa na bati (tin). Mafundi wengi hubandua risasi na kusiliba puti (kijazio cha plastiki) mahali pake. Gari likitembea bodi inajinyonga, na ufa unarudi palepale.

1. Toa kioo cha nyuma, kitambaa cha dari na sponji zote. Kizima moto kiwe karibu, na fanyia kazi mahali penye hewa.

2. Kuondoa risasi ya zamani: grinda weka mbali kabisa. Vumbi la risasi ni sumu. Pasha kwa moto laini, sukuma kwa brashi ya waya, idondokee kwenye sinia la chuma. Vaa barakoa yenye vichujio. Ya kitambaa haisaidii.

3. Ukikuta kutu imetoboa, kata na uchomelee kipande kipya.

4. Kutia bati. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Ng'arisha chuma mpaka nje ya mshono, paka pesti ya bati (unga wa bati wenye asidi ya kusafisha chuma), pasha hadi ianze kung'aa, kisha futa ingali ya moto kwa kitambaa kikavu cha pamba. Uso wote uwe na rangi ya fedha. Ukiona doa jeusi, rudia, maana risasi haitashika hapo. Osha kwa maji ya magadi kuua asidi, suuza, kausha.

5. Kujaza. Tumia fimbo yenye risasi 70 na bati 30 kwa mia. Huanza kulegea kwenye nyuzi 183 za Selsiasi na kuyeyuka kabisa karibu na 255. Katikati ya hapo inakuwa kama siagi, na ndipo unapoisukuma kwa mwiko wa mbao ngumu uliopakwa nta ya nyuki. Moto usitulie sehemu moja, paa litapinda. Jaza izidi usawa wa bodi kidogo.

6. Shusha kwa tupa ya bodi, kwa mkono. Chenga zake ni nzito, zinaanguka chini, zikusanye zote. Osha tena kwa magadi, suuza, kausha, piga praima ya epoksi (rangi ya kwanza ya kulinda chuma). Nawa kabla hujashika chakula.

MASWALI

Mkuu, waya wa lehemu wa mafundi redio unafaa?
Hapana. Ule wenye bati 60 kwa mia huyeyuka wote ukipita kidogo tu 183. Haukupi nafasi ya kuusukuma, unatiririka.

Gari langu lilipakwa rangi vizuri, baadaye rangi ikatoa malengelenge juu ya mshono. Kwa nini?
Asidi ya pesti ilibaki ndani. Itabidi ubandue mpaka kwenye chuma.

Puti juu ya risasi ni marufuku?
Siyo. Tabaka jembamba, juu ya epoksi, la kusawazisha tu.

Nikichomelea mshono mzima je?
Inawezekana, na hapo puti itadumu. Ila choma vipande vifupi ukirukaruka, usubiri papoe. Paa la Mustang ni kipande kipana cha chuma chembamba. Likishajikunja kwa joto, kulinyoosha ni kazi kubwa kuliko risasi uliyokuwa unaikwepa.