Kitasa janja kinapogoma kuungana na habu ya nyumba

Kabla ya kugusa kitufe chochote, fungua mlango, uzuie kwa kiti usije ukajibamiza, na ufunguo wa chuma uliokuja na kitasa utie mfukoni. Kuriseti kitasa, yaani kukirudisha kilivyotoka kiwandani, hufuta alama za vidole na namba zote za siri, na mota inaweza kuusukuma ulimi nje wakati kitasa kinajipima upya. Usijidanganye kwamba utapitia dirishani. Madirisha yetu yana nondo.

Sasa soma sanduku, maana hapo ndipo kesi nyingi huishia. Neno "smart" juu ya kitasa halisemi chochote kuhusu redio iliyomo ndani. Tafuta nembo ya njia ya mawasiliano bila waya: Zigbee, Z-Wave, Thread, Matter, Bluetooth au Wi-Fi. Kisha tafuta nembo hiyohiyo kwenye habu, kile kifaa kinachoongoza vifaa janja vyote vya nyumba. Kitasa cha Zigbee hakitaiona habu ya Z-Wave hata ukikesha nacho. Kitasa cha Wi-Fi hakihitaji habu kabisa. Kinaingia kwenye ruta moja kwa moja, na habu hukipata kupitia akaunti ya mtengenezaji. Cha Bluetooth pekee kinahitaji daraja lake, kile kidude kidogo cha kuchomeka ukutani ambacho mara nyingi huuzwa kando, na muuzaji wa mtandaoni hakitaji mpaka uulize. Cha Matter kinachotumia Thread kinataka habu yenye redio ya Thread ndani yake. Nembo ya Matter peke yake haitoshi, maana Matter ni lugha tu, si redio.

Z-Wave ina mtego wa ziada. Vya Ulaya hutumia masafa ya megahezi 868.42, vya Marekani 908.42. Kitasa alichokuja nacho ndugu kutoka Marekani na habu iliyonunuliwa Ulaya vina nembo moja lakini havisikiani, na hakuna programu ya kurekebisha hilo. Angalia lebo ya nyuma ya vyote viwili. Namba zikipishana, rudisha kimoja dukani na uache kupoteza Jumamosi yako.

Redio zikilingana, kinachofuata ni kumbukumbu. Kitasa kilichowahi kuungana na habu nyingine, hata kama ilikuwa ya majaribio dukani, kinaamini bado kina kwao. Hakitafuti habu mpya. Kukifuta kwenye simu hakusaidii, kwa sababu simu imesahau ila kitasa hakijasahau.

Kwa Z-Wave, ingia kwenye programu ya habu uchague kuondoa kifaa, si kuongeza. Habu ikianza kusubiri, bonyeza kitasa kama kitabu chake kinavyoelekeza. Kwa kawaida unaingiza namba kuu ya siri kisha tarakimu ya menyu. Habu yoyote ya Z-Wave yenye masafa yale yale inaweza kufanya kazi hii, haihitaji kuwa ile ya zamani. Ikisema kifaa kimeondolewa, ndipo uanze kuongeza. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, nayo ndiyo inayotibu.

Kwa Zigbee, riseti kitasa chenyewe. Kitufe huwa chini ya betri au katika tundu dogo linaloingiza ncha ya pini. Kishikilie mpaka kilie au taa ibadilike. Muda hutofautiana, vingi huchukua sekunde 5 hadi 10. Anza na habu: iweke kwenye hali ya kupokea kwanza, ndipo uriseti kitasa. Habu nyingi hufunga mlango huo baada ya dakika moja hadi nne, na anayeanza na kitasa akarudi sebuleni kutafuta simu hukuta muda umekwisha.

Kitasa kilichotumika kina jambo jingine: akaunti ya mwenye nacho wa kwanza. Programu ikisema kifaa kina mmiliki, kuriseti hakutoshi kwa aina nyingi. Lazima yeye mwenyewe akiondoe kwake. Mwambie afanye hivyo kabla hujamlipa.

Betri nazo hudanganya. Vitasa vingi hutumia AA nne, volti 1.5 kila moja, jumla 6. Ukiweka za kuchaji zenye volti 1.2 unapata 4.8, na kitasa kinaziona kama zimekaribia kwisha. Baadhi hukataa kuungana kwa sababu hiyo. Mbaya zaidi ni betri za bei rahisi za redio na tochi, zilizoandikwa R6. Ukizipima zimelala zinaonyesha 1.5 safi kabisa, lakini mota ikizunguka zinaanguka. Weka alkalini, zilizoandikwa LR6, zote nne mpya na za aina moja.

Ukiwa na mita ya fundi umeme, usipime betri zikiwa mezani. Gusisha ncha za mita kwenye vibati vya mwanzo na vya mwisho vya kisanduku cha betri, kisha mwambie mtu azungushe kitasa kwa namba ya siri. Namba ikishuka chini ya volti 5 wakati mota inanguruma, umempata mchawi. Betri zikiwa mpya na bado inashuka, angalia springi. Unga mweupe au wa kijani ni kutu ya betri iliyovuja: pamba yenye matone mawili ya ndimu, sugua, futa kwa kitambaa chenye maji kidogo, acha ikauke kabisa.

Volti zikiwa nzuri na mota bado inalalamika, kosa liko kwenye mbao. Vitasa vingi vinapoungana mara ya kwanza hujipima kwa kusukuma ulimi nje na kuurudisha. Ulimi ukikwama kwenye bamba la fremu, mota inavuta umeme mwingi, volti inaporomoka, redio inazima na kuwaka upya, na simu inakuambia muda umekwisha. Unailaumu habu bure.

Mninga uliokauka vizuri hauchezi sana, lakini mlango wa mbao isiyokaushwa hunywea kiangazi na huvimba mvua za Novemba zikianza Tabora. Kitasa kilichofungwa Agosti kinaweza kuwa kinakwaruza Desemba. Jaribu mara mbili: mlango ukiwa wazi, kisha ukiwa umefungwa na mtu yuko ndani. Ulimi ukiteleza vizuri kwanza na kulia baadaye, paka ncha ya ulimi chaki, funga, zungusha kwa mkono, fungua. Chaki kwenye bamba inaonyesha mahali panapogusa. Mara nyingi milimita moja au mbili za tupa zinatosha. Alama ikiwa juu au chini sana, kaza skrubu za bawaba kwanza, kwa sababu mlango umelala. Tundu la fremu nalo liwe na kina kinachozidi urefu wa ulimi, lisije likajaa vumbi la mbao alilosahau fundi.

Umbali usiubahatishe. Kwa Z-Wave, wakati wa kuunganisha, sogeza habu mpaka iwe mita moja kutoka mlangoni, kwa waya wa kurefusha umeme ikibidi. Hapo ndipo vifaa hubadilishana funguo za usalama, na mazungumzo hayo yakikatika kitasa kitaonekana kwenye orodha lakini hakitatii kufunga wala kufungua. Ukiona hali hiyo usihangaike na mipangilio. Kiondoe, sogea, kiunge upya. Habu ikikudai tarakimu 5, ni zile za kwanza za namba ndefu iliyo kwenye kibandiko cha kitasa. Kipige picha kabla hujakifunga mlangoni.

Baada ya hapo habu irudi mahali pake, ila si nyuma ya televisheni wala friji. Zigbee hutumia gigahezi 2.4 sawa na Wi-Fi, hivyo iweke mbali na ruta hata kwa mita moja au mbili. Ruta ikiwa chaneli 1 au 6, Zigbee chaneli 25 itapumua. Nyumba ya kuta nene za tofali inahitaji mpokezaji njiani: soketi janja ya Zigbee iliyochomekwa katikati hupokeza mawimbi, lakini kihisi cha betri hakifanyi hivyo.

Kwa kitasa cha Wi-Fi mambo ni mafupi. Kwa kawaida kiko kwenye gigahezi 2.4 tu, kwa hiyo tenganisha jina la mtandao huo na ule wa 5, weka usalama wa WPA2, zima VPN kwenye simu, na ruhusu programu itumie mahali ulipo, maana Android za kabla ya toleo la 12 haziruhusu kutafuta vifaa vya Bluetooth bila ruhusa hiyo. Ukitumia hotspoti, simu inayotoa intaneti isiwe ile ile unayounganishia. Azima ya pili. Na simu ikiondoka na mwenyewe kwenda sokoni, kitasa kinabaki bila mtandao, kwa hiyo hotspoti ni ya kujaribia tu.

Umeme ukikatika, au LUKU ikiisha, kitasa kinaendelea kufungua kwa kidole na namba kwa sababu kina betri zake. Kinachokufa ni habu, ruta na ile soketi ya kupokeza. Usianze kuunganisha wakati umeme unacheza. Kwa ruta na habu, UPS ndogo, yaani betri ya akiba, yenye matundu ya volti 5, 9 na 12 inafaa. Soma kwanza volti na ampea kwenye adapta zako, ukiichomeka ruta ya 9 kwenye 12 utanunua nyingine. Umeme ukirudi, ipe habu dakika tano, kisha fungua na ufunge mara moja kwa namba ya siri ili kitasa kiamke na kuripoti. Kisipoonekana bado, chomoa soketi ya kupokeza na uirudishe kabla hujawaza kuriseti chochote.