Jinsi ya kuchagua na kuvaa nikaboka za sufu kwa baiskeli na milima

Jamani hizi suruali za kizamani za Uingereza zinazoishia chini ya goti, mnazocheka, ndo zilikuwa nguo ya baiskeli na milima kabla ya laikra (kile kitambaa cha kuvutika kinachobana mwili), na mi naziokota kwenye maduka ya mitumba huku.

Kwanza jua aina. Plus fours inashuka inchi 4 chini ya goti, ina bwanga kweli, plus twos ni inchi 2. Kwa baiskeli chukua twos, ile nyingine inapepea mno.

Ukiipata usilipe haraka, inyanyue kwenye mwanga uangalie vitundu vya nondo, halafu pindua uone msamba, maana tandiko linakula pale kwanza na kiraka cha sufu nzito si kazi ya kila fundi. Harris Tweed halisi, kile kitambaa kizito cha sufu cha Uskoti, ina lebo yenye tufe na msalaba, inafumwa visiwa vya Outer Hebrides huko Uskoti tu, majumbani kwa wafumaji, na sheria ya 1993 inailinda.

Ijaribu ukiwa umechuchumaa! Kamkanda ka chini kakikubana goti, achana nayo hata kama bei ni ya kutupa.

Ukifika nayo nyumbani funga kwenye mfuko, weka friza wiki 2, mayai ya nondo yafe. Kufua ni kwa mkono, maji ya baridi, mashine itakurudishia ya mtoto.

Pamoja nayo vaa soksi ndefu za sufu basi. Tangu 2009 London kuna Tweed Run, msafara wa baiskeli wa watu waliovaa nguo za sufu za kizamani, huko hakuna atakayekushangaa.