Sato wa kwenda Dar kwa ndege, bila kuvuja
Unapanda ndege ya bei nafuu kutoka Mwanza, unalala Dar usiku mmoja? Nguo weka kwenye kibegi cha mkononi. Kilo za mzigo ulizolipia ziachie sato. Nunua mwaloni, soko la samaki la kando ya ziwa, asubuhi ya siku iliyotangulia, waparuliwe, watolewe matumbo, walale friza mpaka ukiwagonganisha walie kama mawe. Kila mmoja mviringishie gazeti tabaka tatu, wabane boksini pasibaki nafasi, piga seloteipu. Barafu usiweke kabisa! Ndiyo inayolowanisha boksi, kaunta wanalikataa. Wakibanana wanapoozana wenyewe, na angani ni kama saa moja na nusu tu. Ndege ikichelewa kutwa nzima, mbinu hii haikusaidii. Friza ya umeme wa kukatikakatika nayo usiiamini.